Ombi la Kuhamisha Saa ya Kidonge cha Mama

Kwa Mfamasia wa Dirisha Namba Tatu,
Kliniki ya Wagonjwa wa Nje.

Kuhusu: KUHAMISHA SAA YA KIDONGE CHA TEZI AU, IKISHINDIKANA, KUHAMISHA ASUBUHI YENYEWE

Ndugu Mfamasia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na umekwisha kunywa chai. Nalitaja jambo la chai mapema kwa sababu ndilo kiini cha haya nitakayoyaeleza. Sehemu kubwa ya barua hii nimeiandika ndani ya ile saa ambayo, kwa maagizo yako, chai haiguswi nyumbani kwetu.

Hatujapata kuonana. Nakufahamu kwa mwandiko wako tu, ulioinamia upande mmoja kama mtu apandaye ngazi na mzigo. Miezi kumi na minne iliyopita mama yangu mzazi aligunduliwa kwamba tezi dundumio, ile ya shingoni, imezembea kazini. Sisi tulidhani ni uzee. Alikuwa akilala mpaka saa mbili asubuhi, akivaa sweta mchana wa jua, na akipoteza maneno katikati ya sentensi na kutuachia sisi kazi ya kuyatafuta. Daktari akamwandikia kidonge kimoja cheupe cha kila siku, nawe ukaandika juu ya bahasha: "Kidonge 1 asubuhi unapoamka, tumbo likiwa tupu, kwa maji. Usile wala usinywe chai mpaka ipite saa nzima." Kisha ukaipiga muhuri.

Sina ugomvi na kidonge. Kimemrudisha mama kutoka mbali, na sweta limerudi kabatini. Ugomvi wangu ni na saa, na kwa kiasi fulani na muhuri.

Huenda hukujua ulikuwa ukimwandikia nani. Mama alikuwa karani wa masjala ya mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Kwake yeye, karatasi isiyo na muhuri ni maoni, na yenye muhuri ni amri. Siku ileile aliibandika bahasha yako kwenye mlango wa kabati la jikoni, usawa wa macho, na hapo ipo hadi leo. Rangi ya karatasi imebadilika, lakini maandishi yanasomeka.

Nakiri kwamba sehemu ya kosa ni yangu. Wiki ile ya kwanza nilisema mezani kwamba si adabu kunywa chai mbele ya mgonjwa aliyekatazwa, basi na tungoje sote pamoja naye, kwa wiki hiyo tu, mpaka azoee. Baba watoto akaafiki. Wiki hiyo sasa ina umri wa miezi kumi na minne. Kila nilipojaribu kuifunga, mama alitazama bahasha, akanitazama mimi, kwa jicho ambalo nadhani aliwatazamia mawakili walioleta majalada baada ya dirisha kufungwa.

Kabla ya hapo utaratibu wetu ulikuwa wa kupigiwa mfano. Chai tuliinywa kwa dakika nne, wima, kila mmoja macho kwenye simu yake. Mama alipoamka aliikuta chupa ya chai mezani na nyumba ikiwa kimya. Hakuna aliyelalamika.

Siku hizi, saa kumi na mbili kamili, watu watano tumeketi mezani. Mama hupeleka kiganja mdomoni, huinua uso, hunywa glasi nzima ya maji, hutazama saa ya ukutani, kisha husema, "Haya, saa imeanza." Chai imekwisha kuchemshwa. Imo ndani ya chupa, katikati ya meza, imefungwa, nasi tunaitazama. Saa moja kamili mama huifungua kwa mkono wake. Saa moja na dakika kumi gari la shule hupiga honi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulimi wa baba watoto. Yeye ni fundi wa lifti, na kwa tabia ni mtu wa haraka. Chai iliyofungiwa saa nzima katika chupa ile haipoi hata kidogo, nasi tunapewa dakika kumi za kuinywa. Ameungua ulimi mara nyingi kiasi kwamba hatambui tena ladha. Hutia chumvi hata katika embe, kisha huuliza kama limeiva.

2. Tafsiri ya maneno "tumbo likiwa tupu". Hukueleza, Ndugu Mfamasia, ni tumbo la nani. Mama amechukulia kuwa ukimya wako ni wa makusudi. Kidonge ni kimoja, lakini matumbo matupu ni matano. Binti yetu mdogo, mwenye miaka tisa, ambaye nyumbani tunamwita Wakili kwa sababu zisizohitaji maelezo, alilileta suala hili mezani rasmi. Alimwuliza, "Bibi, kama kidonge ni chako, njaa ni ya nani?" Mama akamjibu bila kugeuza shingo, "Ni ya ukoo."

3. Uharibifu wa tabia za watoto. Wiki mbili zilizopita Wakili huyohuyo alidai kwamba amemwona bibi yake jikoni, saa kumi na mbili na nusu, akitafuna kipande cha mkate huku ameelekea dirishani. Tulimkanya vikali mtoto kwa kumsingizia mgonjwa. Alilia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema uongo, na siwezi kuutenga uongo huo na njaa.

4. Kazini kwangu. Mimi ni msajili wa vizazi na vifo. Mwezi wa tatu wa utaratibu huu, fundi cherehani mmoja, mzima kabisa, alifika kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Aliondoka na cheti cha kifo chake mwenyewe, nilichokitia sahihi kwa mkono huu. Alirudi siku ya pili, akavua kofia, akasema kwa upole mwingi kwamba kama hakuna usumbufu, angependa kuendelea kidogo. Kumrudisha mtu upande wa walio hai huhitaji fomu tatu na mashahidi wawili waliomfahamu kabla na baada. Kwa wiki tano mtu yule alikwenda dukani kununua nyuzi akiwa marehemu. Nimepewa barua ya onyo. Nikipewa ya pili nitahamishiwa ghala la majalada ya zamani, chini ya jengo, ambako hakuna dirisha wala mtu, na ambako mwenzangu aliyetangulia alianza kusalimiana na makabati. Ningependa kuandika kwamba kosa lile lilitokana na njaa. Ukweli wanitaka niongeze kwamba asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kunywa chai, vikombe viwili, kwa kasi. Basi huenda ilikuwa ni kasi. Au huenda ilikuwa ni mimi.

5. Mfarakano wa ukoo. Kaka yangu mkubwa, ambaye haishi nasi na hivyo ana muda wa kutafakari, hupiga simu kusema kwamba saa moja haitoshi kwa chai ya maziwa. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, hupita uani kusema kwamba nusu saa ni nyingi. Tumegawanyika: wapo wa nusu saa, wapo wa saa nzima, na yupo kaka. Mama huwasikiliza wote, kisha huuliza ni nani kati yao mwenye muhuri.

6. Mazungumzo. Hili ndilo zito kuliko yote, na nimesita kuliandika. Mtu anayeingoja chai hana la kufanya ila kusema. Simu mama amezipiga marufuku, kwa hoja kwamba saa ya dawa si saa ya simu. Matokeo yake ni haya. Mwezi wa nne baba watoto alitufahamisha kwamba anaogopa shimo la lifti, na ameliogopa tangu siku yake ya kwanza ya uanagenzi, miaka kumi na tisa iliyopita. Nimeolewa naye miaka kumi na saba na sikulijua hilo. Mwezi wa saba binti mkubwa alisema kwamba hataki udaktari tuliokwisha kuutangaza kwa jamaa wote, anataka kutengeneza lifti. Baba yake alingoja mpaka chupa ikafunguliwa, kisha akamwonya kuhusu shimo. Mwezi wa tisa mama mwenyewe alisimulia kwamba katika mwaka wake wa kwanza masjalani alipoteza jalada la mtu nyuma ya kabati, na mtu yule akakaa mahabusu siku kumi na moja za ziada. Hakuwahi kumwambia marehemu baba. Alitueleza sisi, akitazama saa ya ukutani, zikiwa zimebaki dakika sita. Haya, Ndugu Mfamasia, ni mambo ambayo familia inayokunywa chai kwa wakati haina haja ya kuyajua.

7. Nilikuwa na la saba, lakini saa moja imetimu.

Naendelea siku ya pili. La saba lilihusu madhara kwa jamii. Watu watano, saa moja kila mmoja, ni saa tano za binadamu zinazotolewa kila asubuhi kwa ajili ya kidonge kisichozidi punje ya mtama. Tukichukulia kwamba mjini kuna nyumba mia tano zenye mgonjwa kama mama na bahasha kama yako, basi kila kukicha saa elfu mbili na mia tano hukaa mezani zikitazama chupa. Lifti zinatengenezwa na mafundi wasiojua ladha. Walio hai wanaandikwa wamekufa, na ukifuata mkondo huo siku moja watazikwa, maana cheti kikishatoka hakuna anayependa kukipinga. Kwa mwendo huu chanzo cha kuporomoka kwa mji mzima kitakuwa ni tezi ya mama yangu, jambo ambalo yeye, kwa staha yake, asingependa. Naona hapa hoja yangu imekimbia na kuuacha ushahidi nyuma. Nimejaribu kuirudisha, nikaona afadhali ifike kwanza.

Huenda ukanijibu kwamba vipimo vya damu vya mama ni vizuri, na kwamba hilo latosha kuonyesha asubuhi ndiyo saa bora. Nimelipima jibu hilo kwa uangalifu. Ni kweli vipimo vyake ni vizuri mno, havipandi wala kushuka. Lakini kuna wiki ya harusi ya mtoto wa binamu yangu, ambapo mama alikaa kwa wakwe siku saba na kunywa chai ya maziwa kila alfajiri mbele ya mashahidi. Nilipomwuliza, alisema bahasha imebaki nyumbani. Kipimo kilichofuata kilikuwa kilekile. Basi ama kidonge hiki hakiogopi chai, ama mama ana tezi ya aina yake, ama kuna jambo silioni. Nilisoma falsafa, si udaktari, na falsafa ilinifunza zaidi kuorodhesha uwezekano kuliko kuchagua.

Hata hivyo nimejaribu kuchagua. Nimeipitia siku nzima nikiitafutia kidonge nafasi. Mchana haufai, kwa kuwa mama hula saa saba na huonjaonja tangu saa tano. Alasiri ameipa dawa yake ya mifupa, na nimesoma kwamba hizo mbili zapaswa kutengana kwa saa nne, kama mashemeji waliokosana. Jioni kabla ya mlo ni hatari: tungengoja chakula badala ya chai, na baba watoto amesema wazi kwamba hapo atahamia ndani ya lifti, kwa hofu au pasipo hofu. Unabaki wakati wa kulala. Nimesoma kwamba wapo wagonjwa wanaokimeza wakati huo, tumbo likiwa limetulia saa tatu tangu mlo wa mwisho, na kipimo chao hakiharibiki, ilimradi saa iwe ileile kila siku na mtaalamu awe ameridhia. Mama hula saa moja jioni na hulala saa nne. Hesabu yenyewe imejipanga, haikusubiri ushawishi wangu. Sijathubutu kumshauri abadili bila idhini yako. Nimesema sikusoma udaktari, na zaidi ya hapo, sina muhuri.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

(a) Umwandikie mama bahasha mpya inayosema usiku, yenye muhuri mkubwa kuliko ule wa kwanza.

(b) Ikishindikana, kliniki iandike barua kwa shule, kwa kampuni ya lifti na kwa ofisi yangu, kuzitaka ziahirishe asubuhi kwa saa moja. Kuhusu jua sina hakika ni idara gani inayohusika, lakini huenda nakala ikasaidia.

(c) Ikishindikana hilo, nasi wanne tuandikiwe kidonge chochote kisicho na madhara, ili tuwe na njaa kihalali.

(d) Na hilo nalo likishindikana, atumwe mtumishi wa kliniki aje kuketi mezani kwetu saa kumi na mbili, amweleze Wakili kwa maneno yake mwenyewe njaa ni ya nani.

Inawezekana nimekosea katika moja au zaidi ya haya. Nimeisoma barua mara tatu, na kila mara imani yangu ilipungua kidogo. Lakini ombi (a) naliona la haki, na naapa kwamba ukilikubali utakuwa umeiokoa nyumba hii.

Nakusalimu wewe na wa nyumbani kwako. Nawasalimu wenzako wa dirisha namba moja na namba mbili, na namba nne pia, ambalo mama anasema hajapata kuliona likiwa wazi. Msalimie mlinzi anayegawa namba za foleni. Mama anakusalimu bila kujua kwamba ninayemwandikia ni wewe. Baba watoto anakusalimu kwa shida, kwa sababu ya ulimi.

Wako katika kungoja,

Binti wa mgonjwa

Nakala: Mlango wa kabati la jikoni.

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Leo Jumamosi alasiri nilitaka kuambatanisha majibu ya vipimo, ili usinione nasema bila vielelezo. Mama huviweka katika bati la biskuti chini ya kitanda chake. Nilikuta kila karatasi imetobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi, kwa tarehe, kama majalada. Juu kabisa zilikuwamo bahasha kumi na tatu ambazo sikuwahi kuziona, kwa kuwa sisi sote tulikuwa tukisoma ile moja ya mlangoni.

Nimeujua mwandiko mara moja. Bahasha ya mwezi wa pili wa matibabu inasema: "Kama ulivyoomba mwenyewe: kidonge 1 wakati wa kulala, saa tatu baada ya mlo wa jioni. Chai ya asubuhi ruksa." Ina muhuri. Zote zilizofuata zinasema vivyo hivyo. Ombi langu (a), Ndugu Mfamasia, ulilikubali miezi kumi na mitatu kabla sijaliandika.

Nilimfuata mama uani, alikokuwa akikunja nguo, bahasha ikiwa mkononi mwangu. Aliitazama kama mtu anayetazama jalada lililorudishwa mahali pake. Nilimwuliza, basi kila asubuhi humeza nini mbele yetu. Akaendelea kukunja shuka mpaka ncha zikakutana, ndipo akasema:

"Usiku nameza dawa ya tezi, mwanangu. Asubuhi nameza maji, nanyi mnakaa."

Nilishika ncha za pili za shuka lililofuata tukalikunja pamoja.

Nimemwomba Wakili radhi kuhusu mkate, pasipo kumweleza sababu. Amezipokea radhi hizo na kusema anazihifadhi.

Naomba basi uyafute malalamiko yote saba, pamoja na maombi (a) hadi (d). La ghala nitalijibia mwenyewe, kwa kuwa kosa la cheti, nikitazama vizuri, lilikuwa langu tangu mwanzo. Ile bahasha ya mlangoni itabaki mlangoni. Iwapo mtu yeyote wa nyumba yangu atafika dirishani kwako kuuliza saa iliyo bora ya kumeza kidonge cha tezi, nakusihi umwambie ni asubuhi, umtazame usoni, na umwonyeshe muhuri.

Jambo moja la mwisho. Tulipomaliza shuka la tatu, mama aliniuliza kama nadhani ungekubali kuandika saa moja na nusu. Tafadhali usikubali. Dakika tano za nyongeza zatosha.